Usiniambie Umeshiba

Majimbo, Embu
6 Januari 2025

Lorna, mwari wa Nyamu,

Nakusalimu kwanza, na salamu hizi nimebebeshwa na wengi. Baba yako, ndugu yangu Nyamu, yuko, goti lake liko vilevile, na bado anakataa kwenda hospitali kwa sababu anasema akienda wataligundua. Mwanangu Gitari amepata nafasi chuo cha ufundi na sasa anatembea hapa Majimbo kana kwamba barabara ameijenga yeye. Karimi, yule anayenisaidia hotelini, amerudi kutoka kwao Siakago baada ya sikukuu, amenenepa, namshukuru Mungu.

Usishangae kuona karatasi. Nimeamua simu na wewe basi. Kwa simu unaongea kama dalali wa mbuzi, mimi nikitafuta neno wewe umeshalijibu. Kwa barua utaninyamazia mpaka nimalize. Nitampa Nthiga wa ofisi ya mizigo pale steji, ataituma pamoja na magunia ya maembe, nawe utaichukua huko Meru. Ukinijibu kwa simu nitakata.

Sasa neno lenyewe. Gitari amenisomea yale unayoandika kwenye Facebook. Nasikia umeipa jina Sahani Tupu, unazunguka Meru nzima ukila hotelini, halafu unawaambia watu wapi chakula ni kizuri na wapi ni kibaya. Sijui nikucheke au nikusifu. Lakini ile ya githeri ya soko la Gakoromone uliandika kwamba ilikuwa "tamu sana." Mahindi na maharagwe, tamu sana ni nini? Hata sukari ni tamu sana. Kama utaandika, mwandikie mtu aliyeketi Embu ambaye hajaiona hiyo sahani, mpaka aionje. La sivyo nyamaza ule.

Na kwa kuwa mimi ndiye niliyekufundisha kula, shika haya. Lipa chakula chako, usikubali cha bure. Usijitangaze. Maliza sahani hata kama ni mbaya, ndipo useme. Na uchungulie wapishi wenyewe wanakula nini, kwa sababu mpishi hawezi kujidanganya tumbo.

Huku biashara inaenda tu. Watu siku hizi wanashiba haraka. Mtu anaagiza githeri, anakula vijiko viwili vitatu, anasema, "Tata, nimeshiba, nilikula kwa nyumba," anamalizia na chai. Nadhani ni maisha magumu.

Ukinijibu, niandikie chakula kimoja kwa urefu. Jambo la mwisho: mimi usiniandike. Hoteli yangu si ya Facebook.

Shangazi yako,
Muthoni


Meru mjini
27 Januari 2025

Kwa Tata Muthoni, shangazi mwenye hoteli na mwenye amri,

Barua yako nimeipata ikinukia maembe. Niko mzima, tumbo liko zima, nashukuru kwa yote mawili. Kazi ya agrovet inaendelea, nauza dawa ya kupe na mbegu za kabeji, na mwajiri wangu Stephen bado anaamini ni yeye peke yake anayefika kazini kwa wakati. Mwambie Baba goti lilishagundulika zamani, sasa linangoja matibabu. Gitari mpe hongera na umwambie aiachie barabara watu wengine wapite.

Umesema uletewe chakula kimoja kwa urefu. Basi keti.

Nyuma ya msikiti kuna hoteli ya mama mmoja anayeitwa Faadumo. Mwanawe Liban ndiye anayehudumu. Nikaagiza wali na nyama ya ngamia, akaniletea na ndizi mbivu juu yake, na ganda lake. Nikamwambia sikuagiza tunda. Akanitazama kwa huruma: "Dada, hiyo si ya baadaye. Hiyo inakulwa na mchele." Nikaimenya nikiona aibu, nikaikata, nikaitia kijikoni pamoja na wali na kipande cha nyama.

Tata, nyama ya ngamia ina nyuzi ndefu. Haitaki haraka. Ukiitafuna mwanzoni ni kama ng'ombe mzee, halafu mafuta yake yanalainika na chumvi inatokea ndani kabisa, polepole, mahali ulipodhani hakuna kitu. Wali una iliki. Ndizi ndiyo inafika kwanza na utamu wake wa kitoto, halafu ile pilipili yao ya kijani inaufukuza, halafu nyama inakuja kuamua ugomvi. Nilimaliza sahani nikabaki nikiitazama. Na nilichungulia: Faadumo mwenyewe alikuwa akila kutoka sufuria ileile.

Nilikukumbuka hapo. Nilikuona ukichota mchuzi kwa mwiko, ukidondosha kwenye kiganja, ukilamba. Ukishafanya hivyo kila mtu jikoni alijua chumvi imeingia na hakuna wa kuigusa tena. Niliwahi kuchapwa kwa kuigusa.

Kuhusu kukuandika, nani angethubutu. Nilicheka mpaka mteja wa dawa ya minyoo akaniuliza kama niko sawa.

Wako mtiifu, leo tu,
Lorna


Majimbo, Embu
15 Februari 2025

Lorna,

Sisi wazima. Mvua bado, vumbi limejaa hadi kwenye masikio ya mbuzi. Baba yako amekubali kupaka goti mafuta ya ndege mbuni aliyouziwa na mtu asiyewahi kuona mbuni. Gitari ameanza chuo.

Ile ya ndizi nilianza kuisoma nikiwa nimesimama jikoni. Nikaketi, nikaisoma tena. Karimi akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia nyamaza, nakula. Umeandika vizuri, na sisemi hivyo kwa kukupaka mafuta. Lakini hukuniambia harufu. Ulipoingia pale, kabla ya kuketi, pua ilikuta nini? Moshi? Mafuta? Ubani? Usiruke pua tena.

Huku nina hasira kidogo. Unamkumbuka Mwalimu Muchangi, aliyewafundisha hesabu, mwenye mdomo usiojua kupumzika. Miaka yote amekula githeri yangu mchana. Sasa anakunywa chai tu. Nikamwuliza, "Mwalimu, githeri imekukosea nini?" Akasema, "Hapana Muthoni, ni daktari amenikataza vitu ngumu." Juzi nimepita kwenye hoteli ya jirani yangu nikamwona anakula githeri, anatafuna vizuri sana kwa mtu aliyekatazwa. Nilimsalimia. Alisalimia kijiko.

Acha waende. Watu wanapenda kitu kipya. Mimi sitabadilisha hata punje.

Nenda Kiirua, nasikia kuna nyama ya mbuzi pale barabarani. Niletee. Na usiogope kurefusha.

Muthoni


Meru mjini
20 Machi 2025

Tata mpendwa,

Nimechelewa, nisamehe. Nilikuwa na mafua, nikapona, nikafanyishwa hesabu ya stoo nzima, nikaugua tena kwa sababu ya stoo. Mvua huku imeshaanza kunusanusa.

Kiirua nimeenda, na hii hapa pua yako. Ukishuka unakutana na baridi ya mlimani, baridi isiyo na harufu yoyote, safi kama kopo lililooshwa. Halafu upepo unageuka na kukupiga na moshi wa mbuzi, mafuta yakidondokea makaa, na chini yake harufu ya ganda la kiazi linaloungua kwenye majivu. Kile kiazi, Tata, unakipasua kwa vidole, mvuke unakuchoma, ndani ni unga mkavu mweupe unaoshika kwenye kaakaa mpaka uupe mafuta ya mbuzi ndipo uteremke. Chumvi ni ya mawe, wanaiponda mbele yako, kwa hivyo tonge moja halina chumvi kabisa na tonge linalofuata linalia kati ya meno. Nilikula huku nikivuta makamasi kwa ajili ya baridi, na sioni aibu.

Sasa neno ambalo limenizuia kuandika. Kuna bwana hapa anaitwa Mutwiri, ana hoteli ya ghorofa, viti vya ngozi, na mukimo, viazi vya kuponda na majani, anaouza bei ya kuku. Nilienda, nikalipa, nikala nikamaliza. Ule mukimo ni kijani kuliko jani lenyewe. Hakuna majani ya malenge mle, hakuna uchungu ule mdogo wa majani, ni viazi na maji na kitu cha chupa. Nilipojitazama kwenye kioo, ulimi ulikuwa kijani kama nimelamba ukuta uliopakwa rangi jana. Nikachungulia wapishi. Walikuwa wamejificha nyuma ya matangi wakila chapati na maharagwe waliyonunua kwa mama wa getini. Nikaandika yote hayo, pamoja na ulimi.

Siku ya tatu akaja agrovet mwenyewe. Akasimama mbele ya wateja. "Wewe ni mtu wa Embu. Unajua nini juu ya mukimo ya Ameru?"

Nikamwambia, "Hata ningekuwa mtu wa Uchina, ulimi ungekuwa kijani."

Akacheka kidogo. Halafu akashusha sauti. "Toa hiyo kitu. Utakuwa unakula kwangu bure, wewe na beshte zako. Si lazima tugombane."

Nikakataa. Ndipo akasema neno lililonikaa. "Hao watu wenu wa Embu, ungewaandika hivyo? Shangazi yako? Nimesikia ako na hoteli." Akaondoka. Mimi, ambaye unasema ni dalali wa mbuzi, nikarudi kupima dawa ya kupe.

Stephen naye anataka nifute, kwa sababu Mutwiri ananunua chakula cha ng'ombe wake kwetu. Nimemwambia nitafikiria, ili siku iishe. Wewe ungefanyaje?

Lorna


Majimbo, Embu
28 Machi 2025

Lorna,

Wote wazima.

Usifute. Hata nukta usifute. Ulilipa, ulikula, ulimaliza, ulisema. Mtu akitia rangi ya chupa kwenye mukimo na kuuita wa Ameru, amewatukana Ameru, hakukutukana wewe. Stephen akikufukuza, kuna agrovet nyingine, na mbegu za kabeji ni zilezile.

Na huyo Mutwiri akirudi kukuuliza kama ungewaandika watu wako, mwambie ndiyo. Mwambie bila kumeza mate.

Kiazi cha Kiirua kilinifikia kikiwa bado moto.

Muthoni


Majimbo, Embu
2 Mei 2025

Lorna,

Umenyamaza. Nimeenda kwa Nthiga mpaka anakimbia akiniona. Baba yako anasema umempigia na uko mzima, kwa hivyo hujafa, umenuna au umeficha kitu. Mvua imenyesha vizuri, kunde zimeota.

Sijui kama ni mvua, lakini hotelini kumekuwa kimya. Jana nimepika sufuria ndogo na bado imebaki.

Andika. Hata kama ni chai ya mkono mmoja, isiyo hata na mandazi ya jana, andika.

Muthoni


Meru mjini
11 Mei 2025

Tata yangu mpendwa sana,

Pole kwa kunyamaza. Nawasalimu wote, nawaombea wote, na kunde nazo. Huku mvua ni nyingi, Gakoromone ni matope hadi magotini, na watu wananunua sukuma wakiwa wamevaa gambuti.

Nilikuwa nimeficha kitu, umesema kweli. Mwezi wa Aprili Mutwiri alimtuma kijana mmoja huko kwako. Pengine unamkumbuka, kofia nyekundu, simu mkononi. Alikula kwako, akajirekodi, na ile video Mutwiri ameiweka kila mahali. Kijana anasema vitu vingi vya kijinga. Anatema mate. Anasema hii ndiyo hoteli ya shangazi ya yule mtaalamu wa Meru, na kwamba githeri yake ni chumvi tupu. Sasa kila nikiandika, watu wanajaa chini yangu: "Andika ya shangazi yako kwanza." Hata waliokuwa wakinitetea. Wanasema ulimi wangu una kabila.

Tata, Mutwiri ana wivu na kijana ametumwa, kila mtu anajua. Sitaandika. Ulinikataza mwenyewe Januari, na nimekuheshimu, na nitaendelea. Afadhali nifunge hiyo Sahani Tupu kabisa.

Nimekuwa nikifikiria pia kwamba umepika miaka mingi. Mgongo unauma. Gitari akimaliza chuo ataanza kujitegemea. Kwa nini usije Meru upumzike kwangu kidogo? Nina kitanda cha ziada. Je, siku hizi ni Karimi ndiye anapika? Nauliza tu.

Mimi mtoto wako,
Lorna


Majimbo, Embu
19 Mei 2025

Lorna,

Baba yako hajambo. Gitari hajambo. Ng'ombe amezaa ndama jike. Salamu zimekwisha.

Umejaza kurasa mbili na hukuandika neno moja nililolitaka. Unasema kijana ametumwa. Najua ametumwa, hakuna mtu mwenye njaa anayekuja na taa ya kumulika sahani. Unasema Mutwiri ana wivu. Unaniuliza mgongo. Mgongo haukuandikwa popote. Hukusema kama ni kweli au ni uongo.

Basi nitakuambia mimi. Tangu ile homa ya mwaka juzi ulimi wangu umekufa. Pua pia. Asubuhi ya kwanza nilidhani ni mafua. Nikatia kitunguu kwenye mafuta, nikainama juu ya sufuria, hakuna kitu. Nikaongeza kitunguu. Nikatafuna pilipili, ikanichoma lakini haikuniambia kuwa ni pilipili. Daktari alisema pengine itarudi, pengine haitarudi, halafu akaniuliza kama nina swali lingine. Chai, nyama, dawa ya meno, vyote kwangu ni kitu cha moto au kitu cha baridi. Nililia, sitakuficha. Nililia nikiosha sufuria upande wa moto ili Karimi adhani ni moshi.

Sikumwambia mtu. Mpishi asiyeonja watu watamcheka, na mimi sichekwi katika hoteli yangu. Niliendelea kupika mwenyewe, kwa mkono, kwa sababu mkono wangu unajua kipimo tangu kabla hujazaliwa. Na hakuna aliyesema neno. Unatujua sisi. Mtu wa hapa hawezi kumwambia mama wa watu kwamba chakula chake hakiliki. Atasema ameshiba. Atasema alikula nyumbani. Atamsingizia daktari. Nilianza kushuku pale kwa Mwalimu Muchangi, lakini kushuku peke yako ni kazi ngumu, unajibembeleza. Ilibidi niambiwe na mtu mwenye kofia nyekundu aliyelipwa kunitemea mate. Wote wanaonipenda walinilisha adabu.

Na wewe. Krismasi uliacha nusu ya sahani yangu ukasema, "Tata, nimeshiba." Wewe, wa Sahani Tupu. Nilikuona. Ndiyo maana nilikuzimia simu. Nilitaka tuwe kwenye karatasi, mahali ambapo mtu hawezi kusema ameshiba na kukimbia.

Sasa sikiliza, na hili si ombi. Nilikukataza Januari, leo nakuamuru. Njoo siku yoyote, usiniambie ni lini. Ingia kwa mlango wa wateja. Sitakusalimia. Lipa. Kula umalize. Halafu nenda ukaandike kama ulivyomwandikia Mutwiri, kwa ulimi uleule, na uweke hapo hapo watu wote wasome. Ukishindwa, basi futa ya Mutwiri pia, na ya Faadumo, na ya Kiirua, kwa sababu zote zitakuwa uongo.

Na Meru siji kupumzika. Watanitoa jikoni wakiwa wamenibeba.

Muthoni


Meru mjini
9 Juni 2025

Tata,

Nawasalimu. Ndama nilimwona, ni mzuri, ana macho ya Baba.

Nilikuja Jumamosi, bila kukuambia, kama ulivyosema. Uliniletea sahani, ukageuka, ukaenda. Karimi alitaka kunikumbatia ukamtuma maji. Sijawahi kuhudumiwa vibaya hivyo na mtu ninayempenda.

Nimeiandika. Nililia nikiiandika na nilikuwa na hasira nawe, bado ninayo. Stephen ameisoma akaniuliza kama kwetu hatuna wazee wa kusuluhisha. Nimeiweka jana, papo hapo chini ya ile ya Mutwiri, ili mtu asiweze kusoma moja bila nyingine. Hii hapa nimekunakilia, isipunguzwe na mtu kwa kukusomea.

"Hoteli ya Muthoni, Majimbo, Embu. Mwenye hoteli ni shangazi yangu na ndiye aliyenifundisha kuonja. Nililipa. Nilimaliza sahani, na haikuwa rahisi.

Ukiingia unakutana na moshi wa kuni, kitunguu kilichokaangwa polepole, na sakafu iliyopigwa deki asubuhi. Vyombo vinaoshwa kwa maji ya moto. Niliagiza githeri. Kwa macho ni githeri ambayo ungeichora: mahindi yamepasuka midomo, maharagwe bado yana umbo, dania imekatwa sasa hivi. Halafu unatia kijiko mdomoni. Chumvi inafika kabla ya kitu kingine chochote na inakataa kuondoka. Inafunika nyanya, inafunika dania, inakaa kwenye kingo za ulimi ikiuma kama maji ya kusukutua jino. Kila kijiko ni kilekile, unaanza kukiogopa kabla hakijafika. Chini kabisa, ukivumilia, kuna utamu wa mahindi ya Mbeere na ule moshi mdogo ambao sijaukuta Meru nzima. Lakini hakuna mteja anayepaswa kuvumilia. Githeri hii, kwa siku niliyoila, hailiki.

Wapishi wanakula nini? Mwenye hoteli aliketi meza iliyo mbele yangu akala sahani nzima ya githeri hiyohiyo, bila kukunja uso.

Mkono uliopika chakula hiki si wa mtu asiyejua. Kuna kosa jikoni, na litafutwe. Waliokuwa wanakula hapa wakisema wameshiba, nami nikiwemo, tulimkosea adabu tukidhani tunampa."

Ndiyo hiyo. Nangoja unitukane.

Lorna


Majimbo, Embu
30 Juni 2025

Lorna, mwari wa Nyamu,

Nakusalimu kwa roho nyeupe. Baba yako amesoma, akasema hakuna mtoto wake aliyewahi kuandika kitu cha aibu hivyo, halafu akaenda kumwonyesha jirani. Goti limepata nafuu, anasema ni mbuni.

Sikutukani. Nimeibandika ukutani, juu ya kalenda, mahali mtu akiketi lazima aione.

Siku hiyohiyo nilimwita Karimi, nikamwuliza chumvi inatoka wapi, kwa sababu kipimo changu sijakiongeza. Aliweka sufuria chini. Halafu akasema, "Tata, mimi nilikuwa nangoja uonje kwa mkono. Nikiona hujaonja najua hujaweka chumvi. Nikafikiri ni uzee, unasahau. Nikawa naweka mimi, bila kuonja, maana kuonja ni kazi yako. Sikutaka kukuaibisha."

Unaelewa, Lorna? Ulimi ulipokufa niliacha kudondosha kwenye kiganja, kwa sababu nilambe nini? Naye akaona kiganja hakionjwi, akatia ya pili. Mwaka mzima na zaidi, mimi natia, yeye anatia, na wateja wanashiba. Mkono wangu haukukosea hata siku moja. Hilo uliandike mahali.

Sasa nikishatia chumvi nadondosha mchuzi kwenye kiganja chake, analamba, ananiambia. Mwanzoni kila kitu kilikuwa "kizuri, Tata." Nikamwambia akisema kizuri tena nitamrudisha Siakago. Juzi alisema, "Iko chini kidogo, na kitunguu kimeungua." Nilimpa siku ya mapumziko.

Mwalimu Muchangi nilimpelekea sahani bila kuagiza. Nikamwonyesha ukuta, nikamwambia asome, ale, aseme. Alisoma polepole kama anasahihisha. Alikula. Akasema, "Muthoni, nyanya haijaiva vizuri." Nimemwambia arudi kila siku na mdomo huohuo. Mlangoni Gitari ameniandikia kwa rangi nyekundu: HAPA HAKUNA KUSEMA UMESHIBA. Wengine wamesoma wakageuka. Akina mama wa kanisa wamekuja kunishauri nikapumzike. Niliwapa chai, na walipomaliza nikawauliza ina kasoro gani.

Mutwiri mwambie mlango wangu uko wazi. Aje bila kijana. Atalipa kama watu wengine.

Nimebakisha neno moja, nimelizunguka tangu mwanzo wa karatasi. Ulidhani nakufundisha kuandika. Barua zako zilikuwa chakula changu. Ndizi ya Faadumo nimeila sijui mara ngapi. Kiazi cha Kiirua nilikwenda nacho kitandani. Sikuwa na kingine. Na nilipofika pale uliposema chumvi inafika kabla ya kitu kingine na inakaa kwenye kingo za ulimi, nilisimama wima. Niliionja. Tangu ile homa sikuwa nimeonja chakula changu mwenyewe, na siku hiyo nilikionja, kilikuwa kibaya sana, na nilifurahi mpaka Karimi akaogopa.

Njoo tena Julai, ule, uandike upya. Lakini kabla ya hapo nenda mahali popote, ukae, uagize, uniletee. Usichelewe kama ulivyochelewa Aprili. Nina njaa.

Tata yako,
Muthoni